Farasi, Kima na Kipande cha Muwa

Farasi mmoja mjane hakutaka kutoka zizini tangu afiwe na mumewe. Punda akamshauri Kima, aliyezoea kupanda mgongoni mwa Farasi, "Mchape tu." Kima hakuchapa. Farasi akiinua ukwato, papo hapo Kima alipiga ulimi, "to", akampa kipande cha muwa. Hatua kwa hatua, Farasi akafika malishoni, Kima yu mgongoni.

Mwaka wa pili, Kima naye akafiwa na mkewe. Akalala mkekani, hali wala hanywi. Punda akamkemea, "Jikaze, bwana. Mwanamume halii." Kima akageukia ukutani.

Farasi alilikumbuka zizi lake, akangoja mlangoni. Kima alipoinua kichwa kidogo, Farasi akapiga ulimi, "to", akamsogezea muwa.

"Kwa kuinua kichwa tu, dada?"

"Leo kichwa, kaka. Miguu Mungu ataiinua kesho."

Kima akaung'ata muwa, akatafuna.