Safu ya Mwisho

Ijumaa Bi Saada alikuwa wa arubaini kwenye orodha ya mahujaji. Jumatatu asubuhi alikutwa wa arubaini na moja, na nafasi za ndege ni arubaini tu. Aliyepanda mahala pake ni Bi Mwatum, mke mwenzake. Na Bi Mwatum ni mama yake Shadya, karani anayeitunza orodha hiyo kwenye kompyuta ya kikundi pale Wete.

"Mpaka alasiri uniambie nani kafanya," alisema Shehe Hamad, mkuu wa kikundi. "Kama ni wewe, acha funguo mezani."

Shadya aliapa kwamba hakuigusa. Lakini nani amwamini, na aliyefaidika ni mzazi wake?

Shaka yote aliiweka kwa Ashraf, fundi wa kompyuta. Tangu Shadya aikatae posa yake, hamtazami usoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Kila jedwali lina safu zisizoonekana, Bi Shadya," Ashraf alisema bila kugeuka, alipoitwa kuikagua kompyuta. "Hazitoki mpaka uziite kwa majina. Ndimo mfumo unamoandika nani kabadilisha, na lini."

Akaiita moja. Safu ikatokea mwisho, kulia kwa majina, akaichapa orodha. Kwenye mstari wa Bi Mwatum: Shadya. Jumamosi, saa saba kasorobo mchana.

Saa hiyo Shadya alikuwa chumba cha pili, anaswali adhuhuri. Kompyuta aliiacha wazi. Mama yake alileta chakula, akabaki kulinda ofisi kama kawaida yake. Maskini mama! Msahafu anausoma vizuri, lakini herufi za kizungu hazijui. Hata ujumbe wa simu husomewa na bintiye.

Ila macho anayo. Shadya alikimbia nyumbani na karatasi mkononi.

"Mama, juzi nilipokuwa naswali, Ashraf aliingia ofisini?"

"Kaingia," Bi Mwatum alijibu huku anapepeta mchele. "Kakaa kwenye kiti chako, kabonyeza-bonyeza, kenda zake. Mie n'tajuaje afanyalo?"

Shadya alikaribia kulia kwa furaha. Alijua! Alijua tangu mwanzo!

Bi Mwatum akaweka ungo chini, akafuta mikono kwa kanga, akaichukua karatasi. Kidole chake kikashuka taratibu mpaka kwenye jina lake, kikaenda kulia, kikasimama.

"Mbona safu hii ya mwisho haikuwapo siku ile?"