Moto wa Mama Mkwe

Theluji ilianza kuanguka Ihanga alfajiri. Atuganile akafunga mzigo wa kuni aende kuwasha moto nyumbani kwa mama mkwe wake, waliyemzika juzi.

"Mtoto anakohoa," mumewe, Lwitiko, alisema. "Hizo kuni tungemkokea yeye moto."

"Nyumba ya mama ikipoa, tutapungua."

Kijiji chenye nyumba chache zenye joto huhesabiwa kuwa kimehamwa, na katapila la kufungua barabara haliji. Kila dhoruba, ndege isiyo na rubani hupita ikipima joto la mapaa. Haiulizi nani anaota moto.

Atuganile alibisha hodi kwa mazoea, akaingia, akawasha. Alipotoka, moshi ulikuwa ukifuka karibu kila paa, ila nyayo kwenye theluji zilikuwa za watu watatu tu, zikienda mlango hadi mlango.

Upande wa mtoni hakukuwa na moshi. Huko huwasha Mzee Tweve, nyumba yake na za marehemu jirani zake. Mlangoni kwake theluji haikuwa imekanyagwa.

Ndege ikaanza kuvuma mawinguni. Atuganile alirudi nyumbani mbio, akazoa kuni zilizobaki kando ya kitanda cha mtoto aende nazo mtoni, bila kumtazama Lwitiko.