Taa ya Kifuani

Kila asubuhi, wimbo wa taifa ulipopigwa uani, taa ya kifuani mwa kila raia iliwaka kwa kadiri anavyoipenda nchi. Ya Shaibu ilishinda zote. Ya mkewe, Mwanakombo, haikuwaka hata siku moja.

"Hiyo nchi imekupikia chai lini?" alimuuliza kwa wivu.

Leo alimtazama vizuri. Taa ya mumewe iliwaka hata kabla ya wimbo, pale jirani yao Rukia alipotoka na bendera, kajifunga kanga mpya.

Kumbe nchi yenyewe ndiyo hii!

Damu ikamchemka Mwanakombo. Taa yake ikawaka ghafla, nyekundu kama kaa la moto. Mkaguzi wa taa, aliyesimama uani, akamkimbilia, akampa mkono.

"Hongera, mama! Hayo sasa ndiyo mapenzi ya nchi."