Kanga ya Bi Kazija

Katika nyumba za wazee, kila aliyeamka salama hutundika kanga mlangoni. Asubuhi hiyo kanga ya Bi Kazija ilikuwepo, lakini jirani yake, Bi Tausi, aliitambua: ni ile mpya ambayo mwenzake aliiweka sandukuni, afunikwe nayo siku ya kufa kwake.

"Nani kaitundika hii?"

"Mwenyewe, bibi. Kisha akalala tena," alijibu Sudi, mtunzaji wao, funguo mkononi. "Nenda kapumzike."

Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Bi Tausi akaweka kigoda chake kizingitini, akaketi.

"Namsubiri aamke."

"Bibi, usinitafutie balaa!"

Kutoka ndani, mlango uligongwa mara moja, kwa unyonge. Ng'ambo ya uwanja wazee wakaanza kutoka, kila mmoja na kigoda chake.