Tezi ya Tusekile

Saratani ya mapafu ilisambaa hadi kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa Ambindwile, kisha maambukizi ya kuvu yakamalizia kilichobaki cha tezi hiyo, ambayo huuamuru mwili utoe homoni za kukabili mshtuko na homa. Mkewe, Tusekile, akafanya kile ambacho siku hizi kila mke hutarajiwa kufanya: alikubali tezi yake iendeshe miili miwili. Wakapachikwa shingoni vifaa vya kupeleka ishara za tezi yake kwenye mwili wa mumewe. Tangu hapo, Tusekile akishtuka, mumewe hupata nguvu.

Jioni moja Ambindwile alipandwa na homa, presha ikaanza kushuka. Tusekile akampigia simu nesi.

"Mama, umetulia mno," nesi alisema baada ya kutazama vipimo vilivyotumwa na vifaa vyao. "Akiwa na homa lazima wewe uhangaike. Mwogopee."

"Nimemwogopea mwaka mzima, mwanangu. Nimechoka."

"Jaribu tena, mama."

Tusekile akaketi kitandani, akaushika mkono wa mumewe uliolowa jasho baridi. Alijilazimisha kuwazia jeneza, turubai uani, wanawake wakilia. Moyo haukushtuka. Badala yake aliiona nyumba ikiwa kimya baada ya waombolezaji kuondoka, na yeye amelala fofofo mpaka jua limepanda, hakuna wa kumwita.

"Mama Lusajo," Ambindwile alinong'ona, "unawaza nini?"

"Nakuwaza wewe," alimdanganya, na aibu ikamchoma. Moyo wake ukaanza kwenda mbio.

Taratibu mkono wa mumewe ukapata joto.

"Asante," Ambindwile akasema. "Nilidhani umeacha kuniogopea."