Mwanguko wa Baba

Kwanza binti aliona vumbi mgongoni mwa shati la mwigizaji kijana aliyeletwa na mwongozaji wa filamu. Kumbe alikuwa amefanya mazoezi mengi.

"Dada, tunafufua filamu za vichekesho za marehemu baba yako," mwongozaji alisema. "Watoto wa leo nao wavunjike mbavu. Wewe tia sahihi tu kwenye kibali hiki."

Kijana akayumba, akaanguka chali pale sebuleni, vidole vimekakamaa. Mwongozaji akacheka hadi machozi. "Baba yako mtupu!"

Binti alishika kalamu, kisha akaiweka chini. Miaka yote watu walipocheka filamu hizo, yeye aliinamisha uso.

"Baba hakuwa akiigiza," alisema. "Kilikuwa kifafa. Nyumbani mimi ndiye niliyekuwa nikimwekea mto chini ya kichwa."