Mwongozo kwa Wasioona

Kitabu cha tatu nacho hakikuwa chenyewe. Mzee alipapasa jalada la mbele na la nyuma, akapitisha kidole ndani akitafuta mfuko wa diski, akaambulia karatasi tupu.

"Nilisema chenye diski, shemeji."

"Vyenye diski vimeazimwa vyote."

"Jumatatu iliyopita vilikuwa vimeazimwa. Na ile ya kabla yake pia."

"Watu wanapenda kompyuta, shemeji. Niwapige?"

Mzee hakucheka. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amesahihisha makosa ya chapa katika kiwanda cha magazeti, kazi ambayo haimzoeshi mtu kuamini jambo kwa sababu tu limesemwa vizuri. Kisha macho yakazima, la kulia kwanza, la kushoto likafuata bila haraka, na mjane wa marehemu mdogo wake akaja kumtunza. Siku ya kwanza mzee alimkabidhi gazeti, akamwambia, "Soma." Akasoma. Tangu hapo dunia nzima ilimfikia kupitia mdomo huo mmoja.

Na dunia ilikuwa imebadilika sana. Mawaziri walikuwa wameingiwa na aibu. Waliofariki walikuwa wazee watupu, tena waliokwisha kuagana na watu wao. Makosa ya chapa yalikuwa yametoweka kabisa, jambo lililomuuma kidogo, maana yalitoweka baada ya yeye kuacha kazi. Redio aliipiga marufuku sebuleni, kwa hoja kwamba ni chombo cha wavivu. Ikahamia jikoni, ambako shemeji aliisikiliza kila alfajiri kabla ya kuja kumsomea.

Nyumba ilikuwa na hatua kumi na moja kutoka kitandani hadi kitini, na saba kutoka kitini hadi mlangoni. Hapo safari ilikoma. "Mtaro uko wazi nje," shemeji alisema kila alipomsikia akigusa komeo, na yeye akarudi, saba, akaketi.

Mwezi huu meneja wa kiwanda alipiga simu. Nafasi ipo, alisema: kusikiliza miswada kwa programu inayosoma skrini kwa sauti, na kukamata makosa. Sharti ni moja, afike tarehe mosi akiwa anaiendesha kompyuta mwenyewe, bila mtu ubavuni. Walimletea kompyuta, ikafunikwa kitambaa mezani. Nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa, hakuzijua, wala muda wa kujifunza haukuwepo. Lakini maktaba, meneja alisema, ina mwongozo kwa wasioona, wenye diski ambayo ukiisukuma ndani inaanza kufundisha yenyewe. Zilibaki siku nane.

"Basi nisomee hicho ulicholeta," alisema.

Kurasa zilichakarishwa. "'Kompyuta ni chombo muhimu,'" shemeji alisoma. "'Iwashe. Subiri.'"

"Kisha?"

"'Kuwa na subira.'"

"Halafu?"

"Kimekwisha. Ni kitabu kifupi."

Alikipima kiganjani. Hakikupungua kilo moja.

Usiku huo hakulala. Aliunganisha mambo kama alivyokuwa akiunganisha kurasa zilizochanganywa na mafundi. Mjane hana nyumba nyingine. Mlemavu akipata kazi, mtunzaji wake hana kazi. Mtu anayeshika macho ya mwenzake hahitaji kumfunga kwa mnyororo.

Asubuhi, shemeji alipokwenda sokoni, alifungua komeo, akatoka na fimbo. Mtaro ulikuwepo kweli; aliuthibitisha kwa mguu wa kushoto. Aliuliza njia kwa kila aliyepita, akafika maktaba kiatu kimoja kikilia maji.

"Naomba mwongozo wa kompyuta kwa wasioona," alisema. "Wenye diski. Kama haujaazimwa."

"Taratibu, mzee, hapa hatupazi sauti," mkutubi alinong'ona, akapiga hatua mbili tu. "Huu hapa. Uko rafu ya mlangoni. Tumebandika kibao chenye herufi kubwa kama ngumi."

"Uliazimwa lini mara ya mwisho?"

"Haujawahi kuguswa."

Aliupokea. Mfuko wa diski ulikuwepo, na diski ilikuwemo.

"Kuna mwanamke huja kila Jumatatu."

"Yule mrefu, mpole? Namjua. Husimama mbele ya rafu hiyohiyo nusu saa nzima. Nampa fomu ya kuulizia kitabu, maana hapa mtu anayeona haulizii kwa mdomo. Anaikunja vizuri, anaitia mkobani, kisha anachukua chochote chenye picha ya skrini. Cha jana ni cha kutengeneza televisheni. Nilidhani ni fundi."

Nusu saa, mbele ya herufi kubwa kama ngumi. Mzee aliona ghadhabu ikimpanda polepole, kwa mpangilio. Miaka mitatu alikuwa mfungwa wa mtu aliyemmiminia chai.

"Futa uanachama wake," alisema. "Haji tena hapa. Leo hii namrudisha kwao."

"Mna ugomvi, mzee?"

"Futa."

"Kufuta kuna utaratibu wake. Shika fomu hii, umpelekee atie saini, nasi tutailinganisha na ya daftarini." Mkutubi alivuta daftari la wanachama. "Aliandikishwa na mwenzangu wa zamu ya jioni, ngoja nihakikishe ukurasa."

Kurasa zilipinduliwa moja baada ya nyingine, kisha zikatulia.

"Basi hata fomu nirudishie," mkutubi alisema, safari hii kwa sauti ya chini zaidi. "Hapa hapana saini, mzee. Aliweka dole gumba."